Mdogo wangu alisingiziwa mimba ya mgongoni kambini Goma, kumbe mwili wake ulikuwa umekataa kupanda

Wakuu, salamu kwenu. Na ninyi mnaosoma kimya kimya bila kuandika neno, najua mpo wengi, nawasalimu pia.

Hii ninayoleta si ya kusimuliwa. Ilitokea ndani ya hema letu, na mwenye habari, mdogo wangu wa kike, ameisoma yote kabla sijaibandika hapa. Alinifutia sentensi mbili, nyingine akaziacha. Majina tu ndiyo tumebadilisha.

Mimi ni mwanaume, na uzi huu ni wa hedhi. Anayeona aibu aende kwenye nyuzi za mpira, tutakutana huko jioni.

Niiteni Paluku. Sisi ni Wanande, lakini tumekulia upande wa Rutshuru, ambako baba alilima maharagwe na mahindi. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Shule ikaishia hapo. Nilibaki na wadogo zangu wawili: Masika, na kitinda mimba wetu Kavira.

Nawaambia mapema kwamba sikuwahi kuwaacha, na sikuwahi kufikiria kuwaacha. Baba mdogo, anayekaa Katindo hapa mjini, aliwahi kusema tugawanywe, kila mtoto kwa ndugu yake. Nilimjibu kwamba sisi si viazi vya kugawanywa kwa mafungu.

Vita vilipotufikia tulishuka hadi Goma kwa miguu, godoro likiwa juu ya chukudu. Kwa wasioijua, chukudu ni kama baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali. Mzigo unakaa juu, wewe unasukuma, na ukipata mteremko unapanda na kumwachia Mungu.

Chukudu hiyo ndiyo imetulisha. Nilikuwa nabeba mizigo kutoka Kituku, pale ziwani wanapouza samaki, naipeleka sokoni. Naondoka alfajiri, narudi jua likizama.

Masika alikuwa na miaka kumi na saba. Yeye alifuata kuni mbali sana, akabeba maji, akapika, akamtunza Kavira.

Sasa lazima niwaeleze kambi yetu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kosa lilianzia wapi.

Tulikaa juu ya mawe ya volkano. Ni meusi, yana makali, na kamba huwezi kuzifunga popote kwa sababu hakuna mti. Basi kila mtu alianika nguo juu ya mawe. Jua likiwaka, yale mawe yanakuwa kama pasi.

Wanawake walikuwa na upande wao, nyuma ya vyoo, wa kuanika vitambaa vya hedhi. Vitambaa hivyo walivikata kutoka vitenge vilivyochakaa, kwa hiyo kila mmoja alivijua vya mwenzake. Huyu ana maua, yule ana ndege. Vya Masika vilikatwa kutoka kitenge cha marehemu mama, cha kijani chenye samaki wa njano.

Mimi sikujua lolote kuhusu mawe hayo. Wanawake ndio walijua. Na wanawake ndio waliona kwamba samaki wa njano hawaonekani tena.

Mwezi wa kwanza walinyamaza. Wa pili wakaulizana. Wa tatu, jirani yetu Mama Zawadi akanisimamisha nikiwa bado nimeshika usukani wa chukudu.

"Paluku, mutoto wa batu, miye sipendi fujo. Lakini Masika iko na mimba."

"Mama, nani amekwambia?"

"Mawe ndiyo imeniambia."

Nilidhani amechoka na jua. Akanieleza habari ya vitambaa. Nikaona aibu, kisha nikaenda moja kwa moja kumuuliza Masika.

Masika alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Yaya, sina mimba. Sijalala na mwanaume. Kwa nini haiji, sijui. Sasa uniamini ama uungane nao."

Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Wakuu, mimi nimemlea huyu mtoto. Akidanganya huwa anacheka kabla hajamaliza sentensi. Hapo hakucheka. Nikamwambia basi, imeisha, nakuamini. Tangu siku hiyo sikurudi nyuma.

Lakini kambini haikuisha.

Walitafuta aliyempa mimba, wakampata. Kulikuwa na kijana anaitwa Eliya, ana paneli ya jua na meza ya kuchajia simu. Masika ndiye alipeleka simu yetu kila mara, kwa sababu mimi sikuwepo mchana. Wakajumlisha.

Eliya alinifuata hadi barabarani akiniita Grand, yaani kaka mkubwa.

"Grand, naapa. Mimi nilimuchajia simu. Simu tu! Hata mukono sijamugusa, naogopa ile macho yake."

"Najua, Eliya."

"Sasa bananiita bwana harusi! Mama yangu ameanza kulia!"

Siku iliyofuata alifunga meza, akajificha kwa shangazi yake upande mwingine wa kambi, na simu za watu zikiwa zimefungiwa ndani ya sanduku lake. Hapo ndipo kambi nzima ilikasirika kweli. Mimba ilikuwa habari, lakini simu zilikuwa msiba.

Nilimpeleka Masika kwenye zahanati ya kambi. Nesi alikuwa mama mmoja tutakayemwita Mama Espérance. Alipima mkojo. Hakuna mimba.

Nilirudi nimeinua kifua. Nikamwambia Mama Zawadi majibu mbele ya watu.

Mnajua alinijibu nini?

"Hiyo ni ya mugongo. Imeingia mugongoni, imelala kule. Kipimo haiione, tumbo haitoke."

Wakuu, najua baadhi yenu mnacheka, lakini kwetu watu wengi wanaamini hivyo kabisa. Mimba ikipata hofu, wanasema, inahamia mgongoni, inaweza kulala huko hata miaka. Sasa angalieni mtego. Tumbo likitokea, ana mimba. Tumbo lisipotokea, ana mimba ya mgongo. Kipimo kikisema hapana, ndiyo ushahidi kwamba imejificha. Msichana wa watu atatokea wapi hapo?

Habari ikafika Katindo. Baba mdogo akaja, koti na viatu vimeng'aa, akakataa kiti.

Alisema Jumapili wazee wa ukoo watakwenda kwa kina Eliya. Kwetu mahari ni mbuzi. Kijana akimpa msichana mimba, ukoo wake unaleta mbuzi na msichana anahamia kwao. Baba mdogo alikuwa tayari amezungumza na wazee.

"Mutoto wa kaka yangu hatazalia kwenye bashi," akasema, akionyesha turubai la hema letu.

Nikamwambia, "Baba mudogo, hakuna mutoto wa kuzalia kwenye bashi wala kwenye nyumba. Masika haendi popote."

"Weye ni nani wa kusema haendi?"

"Mimi ndiye niliyemuleta hapa."

Halafu akasema nimpe sababu moja ambayo wazee watakubali. Kama si mimba, damu imekwenda wapi? Nikimjibu hilo mbele yake, atawarudisha wazee. Nikishindwa, Jumapili Masika anaolewa.

Swali lake lilikuwa halali, wakuu. Kipimo kilisema tu kitu gani hakipo. Hakuna aliyekuwa ametuambia kitu gani kipo.

Nikamwambia, "Tuende wote kwa nesi. Sasa hivi." Nikamgeukia Mama Zawadi, aliyekuwa anasikiliza huku anajifanya kutwanga sombe, majani ya muhogo. "Na weye Mama, acha hiyo majani. Unakuja."

Tukaenda. Kavira akatufuata, akamshika dada yake mkono.

Mama Espérance alitutazama mlangoni, watu watano, na mgonjwa ni mmoja tu. Hakuongea na baba mdogo aliyetangulia. Aliongea na Masika.

"Mwili ni wako. Nikueleze peke yako, ama hawa wasikie?"

Masika akasema, "Mama, uwaambie. Nimechoka kunong'onezwa."

Nesi akatukalisha kwenye benchi. Akapima tena, kipimo tukakiona wote. Hakuna mimba. Akasema, "Mimba ikianza, inatoa homoni yake, na homoni ile inatoka kwenye mkojo. Ndiyo kipimo hiki kinatafuta. Baada ya miezi yote hii ingekuwa imejaa. Na mtoto anakaa kwenye mji wa mimba. Mgongoni hakuna nyumba yake, Mama Zawadi. Kuna mifupa na nyama tu."

"Sasa damu?" baba mdogo akauliza.

Badala ya kujibu, nesi aliuliza swali.

"Papa, ninyi ni watu wa shamba?"

"Wa toka zamani."

"Vita vilipokaribia kule Rutshuru, hawa watoto walipanda maharagwe?"

Nilijibu mimi. "Hapana. Mbegu ilikuwepo, mvua ilikuwepo. Lakini nani atapanda huku anasikia mabomu?"

"Basi mwili wa Masika ni mkulima kama ninyi," akasema. "Haujapanda."

Hapa someni polepole, maana ndipo kiini cha uzi. Naandika jinsi nilivyoelewa, na baadaye nilirudi kwake kuhakikisha.

Alisema hedhi haianzii tumboni. Inaanzia kichwani. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo inayosikiliza mwili mzima: kuna chakula? Kuna usingizi? Kuna hatari? Huyo ndiye mwenye shamba. Akiona hali ni nzuri anatuma ujumbe kidogo kidogo, tena na tena, kwa tezi iliyo chini yake, ndogo kama haragwe. Tezi hiyo ndiyo msimamizi wa vibarua. Inatoa homoni mbili zinazosafiri kwa damu hadi kwenye ovari, yaani maghala ya mayai. Moja inaitwa FSH, nyingine LH.

FSH inakuza vifuko vidogo vyenye mayai, na kwa kawaida kimoja kinavizidi vingine. Kinapokua, chenyewe kinatoa homoni nyingine, estrojeni. Estrojeni inalima shamba: inafanya ukuta wa mji wa mimba kuwa mnene, wenye damu na rutuba.

Estrojeni ikishapanda juu na kukaa juu, kichwa kinapata habari kwamba shamba liko tayari. Hapo tezi inamwaga LH kwa wingi, kwa ghafla. Kifuko kinapasuka, yai linatoka. Ndiko kupanda kwenyewe, yai kupevuka na kuachiliwa.

Ganda lililobaki halitupwi. Linageuka mlinzi, linatoa homoni inayoitwa projesteroni, ambayo inashikilia ule ukuta usibomoke. Mlinzi anakaa kama wiki mbili. Mimba ikiingia, homoni ya mimba inamwambia abaki. Mimba isipoingia, anakufa, projesteroni inashuka, ukuta unabomoka na kutoka.

Hiyo ndiyo damu. Hedhi ni kusafisha shamba baada ya msimu.

Mama Espérance akamwangalia baba mdogo. "Papa, shamba ambalo halikulimwa wala kupandwa, utalisafisha nini?"

Baba mdogo alivua kofia yake. Sijui kwa nini alivua. Akasema, "Hakuna."

"Njo hivyo. Mwenye shamba kichwani amenyamaza. Msimamizi hana amri. Estrojeni iko chini, yai halitoki, ukuta haujengwi. Damu haijaenda popote. Haikutengenezwa."

Mama Zawadi hakukubali haraka, na mimi namheshimu kwa hilo. Akauliza, "Mbona ya kwangu inakuja? Sisi wote tulikimbia vita. Mabomu niliyasikia sawasawa naye."

Swali la mtu mwenye akili, wakuu. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliwaza.

Nesi akasema miili haifanani, kuna inayonyamaza kwa hofu peke yake na kuna isiyojali. Lakini kinachonyamazisha zaidi ni hofu ikikutana na njaa na kazi nzito. Akamwambia Masika apande kwenye mizani. Akatazama, akaandika, akauliza taratibu:

"Jana ulikula nini?"

Masika akaanza kushuka kwenye mizani.

Kavira ndiye alijibu, kwa fahari kabisa, kama mtoto anayemtetea dada yake. "Yeye anakulaka kwa Mama Zawadi! Kila siku anatuambia tumalize, yeye ameshakula kwa Mama Zawadi."

Mama Zawadi akageuka. "Kwangu?"

Akamtazama Masika kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Kwangu hakukula hata siku moja," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Masika. Kwangu hujakula hata siku moja."

Nakumbuka nilitazama mikono ya mdogo wangu, nikaona jinsi mfupa wa kifundo cha mkono ulivyotokeza. Niliiona mikono ile kila jioni ikinipa sahani. Taa ilikuwa ndogo na mimi nilikuwa na njaa.

Masika akasema tu, "Yaya anasukuma chukudu siku nzima. Kavira bado anakua. Mimi nilikuwa naweza."

Mama Zawadi aliinuka, akampiga Masika kofi dogo la begani, lile la mama. "Mujinga weye! Miye nakutangaza mimba kambi nzima, na weye unakufa njaa kwa jina langu!" Akaanza kulia na kucheka pamoja. Kisha akamfunika kwa kitenge chake.

Baba mdogo alikuwa bado ameshika kofia. Akamuuliza nesi dawa ni nini.

"Dawa ni kumwonyesha mwenye shamba kwamba vita vimepoa. Ale shibe yake. Apumzike. Aache kuni za mbali. Nitamfuatilia, nitampima na mambo mengine, maana hedhi inaweza kusimama pia kwa magonjwa ya tezi na sababu nyingine. Ila naanza na sahani."

Halafu akaongeza, na wasichana mnaosoma hapa mlishike hili: hedhi kusimama hivi si kinga. Mwili ukipata nguvu, yai linatoka kwanza, damu inafuata wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mtu anaweza kupata mimba kabla hajaona hedhi hata moja.

Na kwa wale wanaotegemea kuhesabu kalenda, mimi nilimuuliza hilo siku nyingine. Alisema sehemu ya mlinzi, baada ya yai kutoka, ndiyo haibadiliki sana. Sehemu ya kulima, kabla yai halijatoka, inaweza kurefuka au kufupika kwa ugonjwa, safari, njaa, mawazo. Aliyeambiwa yai linatoka siku fulani kwa kila mwanamke, ameambiwa wastani. Mwili wake haujasoma wastani huo.

Tukitoka pale Masika alisimama mbele ya baba mdogo.

"Baba mudogo, wale mbuzi mulitaka kupokea juu yangu..."

"Mutoto, tuache hiyo."

"Hapana. Naomba tu, badala ya kupokea mbuzi, ulete maharagwe."

Alileta. Jumapili, saa ileile wazee walipopaswa kwenda kwa kina Eliya, baba mdogo alifika na gunia la maharagwe na karanga, koti lake limejaa vumbi. Mimi nikaanza kuchukua malipo yangu Kituku nusu kwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kuni nikazifuata mwenyewe kwa chukudu kila nilipopata nafasi. Na Mama Zawadi akaweka sheria: Masika anakula kwake mchana, mbele ya macho yake, na hatoki mpaka sahani iwe nyeupe. Uongo ule ukageuka kweli.

Eliya alirudi na sanduku la simu. Walimpokea kama waziri.

Haikuwa haraka. Mwezi ulipita, mwingine ukapita, Masika akajaa mashavu na akarudia kunitania. Damu haikuja. Nilianza kuwa na wasiwasi, lakini nesi alisema mkulima aliyekimbia vita harudi shambani siku bunduki zinaponyamaza. Anasikiliza kwanza.

Halafu siku moja narudi na chukudu, nikaona wanawake wamesimama karibu na vyoo. Mama Zawadi akaninyooshea kidole.

Juu ya jiwe refu kuliko yote, lile ambalo hakuna aliyeanika kitu kwa sababu linaonekana hadi barabarani, vilikuwa vimetandazwa vitambaa vya kijani. Samaki wa njano walikuwa wametazama juu, jua linawapiga.

Masika alikuwa amekaa pembeni yake, miguu imening'inia, anakula karanga.

"Yaya," akaniita kwa sauti ambayo kambi nzima ilisikia, "tumepanda."

Wakuu, funzo langu ni hili. Msichana akikosa hedhi, swali la kwanza lisiwe "ni nani?" Apimwe, hiyo ni sawa, lakini mkishapima muulizeni amekula nini, amelala vipi, anabeba nini, anaogopa nini. Na ninyi kaka wakubwa, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Mimi niliishia darasa la sita na nimeelewa. Mwaka huu Kavira alipoona yake ya kwanza hakukimbilia kichakani. Alikuja akaniambia, "Yaya, shamba," akaendelea kuosha vyombo.

Nauliza wenzangu, hasa mliopita kambini au mliokimbia vita: kwenu watu walisoma wapi miili ya wasichana? Kwetu yalikuwa mawe. Na manesi na madaktari mliomo, kama kuna mahali nimekosea kuhusu homoni nisahihisheni bila huruma. Masika anasoma majibu yote, ameketi hapa pembeni yangu na sahani yake.